Umenunua krosibo mpya na unataka nguruwe mwitu wa Texas? Pitia hapa kabla hujaingia porini

Mwindaji wa Brazos (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Ujumbe unaoniingia siku hizi unafanana. Kijana yuko Houston au Dallas, ameona krosibo dukani, kaambiwa inarusha mshale kwa kasi ya futi 400 kwa sekunde, kalipa, na wikiendi inayofuata anataka kwenda kupiga nguruwe kwenye ranchi ya mtu anayefanya naye kazi. Badala ya kumjibu mmoja mmoja, naweka yote hapa. Kwa ambaye hajaiona, krosibo ni upinde uliolazwa juu ya kitako cha mtindo wa bunduki. Unavuta ugwe mpaka unanasa, unaweka mshale kwenye reli, unalenga kwa darubini, unavuta triga.

Ninachokiamini nakisema mapema. Krosibo ina sura ya bunduki lakini inaua kwa njia ya mshale. Risasi ya bunduki kubwa inaweza kumwangusha mnyama palepale hata ikipita pembeni kidogo ya ulipolenga. Mshale unakata tu, na mnyama anakufa kwa kuvuja damu au kwa mapafu kutobolewa pande zote mbili. Usipokata mahali penyewe, umemtesa kiumbe na nyama hupati. Kwa hiyo kila nitakachosema hapa kinarudi kwenye umbali mfupi, pembe sahihi na subira. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi inakuja mwisho kabisa.

Nguruwe hawa ni nani. Si wanyama wa asili wa Marekani. Walikuja na Wahispania. Hernando de Soto alishusha nguruwe Florida mwaka 1539, na misafara ya namna hiyo ikawafikisha mpaka Texas. Waliotoroka wakazaliana porini. Miaka ya 1930 watu wakaleta Texas nguruwe mwitu wa Ulaya kwa ajili ya uwindaji, nao wakatoroka wakachanganyika na wale wa kwanza. Leo makadirio ya Texas peke yake yanapita milioni 2.6. Jike anabeba mimba siku kama 115 na anaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Usiku mmoja kundi likipita kwenye shamba la mahindi au karanga, asubuhi unadhani limelimwa na trekta bovu.

Sheria. Tangu tarehe 1 Septemba 2019, Texas haidai leseni ya uwindaji kwa nguruwe hawa ukiwa kwenye ardhi ya mtu binafsi na umepewa ruhusa na mwenyewe. Hakuna msimu, hakuna idadi ya mwisho, mchana na usiku sawa. Kwenye ardhi ya umma habari ni nyingine: leseni inatakiwa na kila eneo lina masharti yake. Ruhusa ya mwenye ranchi ipate kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Na angalieni miti na nguzo za uzio. Rangi ya zambarau iliyopakwa hapo, kwa sheria ya Texas, maana yake ni usiingie, hata kama hakuna kibao.

Naendelea na chombo chenyewe kwenye posti inayofuata.

Mwindaji wa Brazos

Kuizoea krosibo mpya. Ukiitoa kwenye boksi, kabla hujaivuta, chukua kalamu ya wino mweupe au peni ya maka. Weka alama mbili kwenye ugwe, moja kila upande, pale unapogusana na reli ugwe ukiwa umelegea. Ukishauvuta na kunasa, tazama zile alama. Zikiwa zimekaa sawa pande zote mbili, umevuta katikati. Moja ikiwa imezama na nyingine imejitokeza, mshale utaenda pembeni hata ungelenga vizuri namna gani. Tofauti ndogo ya ugwe hapo nyuma inakuwa kubwa kule mbele, na watu wengi wanaishia kuilaumu darubini bure.

Usivute kwa mikono mitupu. Krosibo nyingi za uwindaji zina uzito wa kuvuta wa paundi 150 hadi 200 na zaidi. Tumia kamba ya kuvutia inayokuja nayo, ile yenye kulabu mbili. Inapunguza nguvu inayohitajika karibu nusu, na inavuta sawa pande zote. Zenye kishikio cha kuzungusha ni rahisi zaidi ila zina uzito na polepole.

Vitu vinne vya kushika kichwani:

Usifyatue kamwe bila mshale. Ile nguvu yote iliyotakiwa kwenda na mshale inarudi kwenye mikono ya upinde, inapasuka, na vipande vinaruka usoni.

Kidole gumba cha mkono wa mbele kikae chini ya reli muda wote. Ugwe ukikikuta juu, umekipoteza.

Noki, yaani kile kijipande cha nyuma ya mshale kinachopokea ugwe, iwe ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha krosibo yako. Zipo bapa, zipo za nusu mwezi na nyinginezo. Isiyoendana inaweza kuufanya ugwe upite juu au chini ya mshale, na hapo ni sawa na kufyatua bila mshale.

Ugwe upakwe nta mara kwa mara, na krosibo usiiache ndani ya gari kwenye jua la Julai. Joto la huku linaharibu mikono na ugwe.

Darubini ianze kurekebishwa kwa yadi 20. Ukishapata kundi dogo la matundu hapo, nenda yadi 30. Halafu, na hapa ndipo watu wanapokosea, badilisha uweke chembe, yaani vichwa vya mshale, zile zile utakazowindia na ujaribu tena. Chembe yenye makali inashika upepo tofauti na ile ya mazoezi hata kama uzito ni mmoja. Kwa nguruwe mimi natetea chembe ngumu zisizokunjuka. Zile za kukunjuka zinafungua jeraha pana, lakini zinatumia sehemu ya nguvu ya mshale kujifungua, na kwa dume kubwa hiyo nguvu unaihitaji ndani.

Kijana wa Katy

Mkuu asante sana, nimeweka kambi hapa. Swali: yangu ina kasi ya 400. Kwa nini nisipige yadi 60? Kwenye shabaha ya povu napata bila shida.

Mwindaji wa Brazos

Mdogo wangu, shabaha ya povu haina masikio. Krosibo inapiga kelele ikifyatuka, kuliko hata upinde wa kawaida. Sauti inakwenda kama futi 1,100 kwa sekunde, mshale wako tuseme 380 hapo njiani. Kwa yadi 30, ambazo ni futi 90, sauti inamfikia nguruwe na mshale unafuata baada ya kama sekunde 0.16. Kwa yadi 60 pengo linakuwa sekunde 0.31. Nguruwe aliyeshtuka kwa theluthi ya sekunde ameshajikunja, ameshageuka, na mshale uliokuwa unaenda kwenye mapafu unaingia kwenye utumbo. Na hapo hajahesabiwa yule ambaye alikuwa anapiga hatua tu ya kufuata punje nyingine ya mahindi.

Yadi 20 hadi 30, basi. Kama hawaji hapo, sogeza mahali pako pa kuvizia, usiongeze umbali.

Mkulima Kilolo

Mkuu habari za huko. Sisi huku Iringa nguruwe pori wanatumaliza kwenye mahindi, tunalala kwenye madungu tunapiga madebe usiku kucha. Hiyo mashine ikifika huku inaweza kutusaidia? Bei yake ikoje?

Mwindaji wa Brazos

Pole sana kaka, hiyo shida naijua, nimekulia nayo. Lakini nitakuwa nakudanganya nikikwambia uagize. Wa huko kwetu ni mnyama mwingine kabisa, wa asili, na analindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kumwinda bila kibali ni kosa la jinai, uwe na krosibo, mshale wa kienyeji au mtego wa waya. Kenya ndiyo kabisa, uwindaji ulifungwa tangu 1977. Haya yanayosemwa kwenye uzi huu ni ya Texas, ambako nguruwe ni mgeni mharibifu na serikali yenyewe inataka apungue.

Toa taarifa kwa afisa wanyamapori wa halmashauri yenu, mwende wakulima kadhaa kwa pamoja, mkiwa na picha za uharibifu na tarehe. Na msinunue silaha ya aina yoyote kabla hamjaongea naye.

Mwindaji wa Brazos

Narudi kwenye somo.

Mwili wa nguruwe. Waliozoea kuwinda paa wa huku wanapotea hapa. Wamezoea kulenga nyuma ya bega, katikati ya kimo cha mwili. Kwa nguruwe hapo ni nyuma mno na juu mno. Moyo na mapafu yake yamekaa chini na mbele, karibu yafichwe na bega lenyewe. Fuata mstari wa nyuma wa mguu wa mbele, panda nao hadi theluthi moja ya kimo cha mwili kutoka chini. Ndipo hapo.

Dume kubwa ana ngao mabegani, ngozi nene iliyokomaa na kuwa ngumu kwa ajili ya kupigana na madume wenzake. Mshale wenye nguvu unaweza kupita, ila kwa nini ujitafutie kesi? Msubiri ageuke ampe mgongo kidogo yule anayemtazama, yaani awe anaelekea mbali nawe kwa mshazari. Hapo mshale unaingia nyuma ya mbavu za upande wako na kusafiri kwenda mbele mpaka bega la upande wa pili. Unapita ini, mapafu, wakati mwingine na moyo, bila kukutana na ngao kwenye kuingia. Akikutazama usoni, usipige. Akiwa amekupa makalio, usipige. Akiwa amefunikana na mwenzake, usipige, maana mshale wa krosibo unatoboa ukatoka na kumjeruhi wa nyuma.

Kuvizia. Macho ya nguruwe ni dhaifu, masikio mazuri, pua ni balaa. Upepo ukikupitia wewe kwenda kwao, rudi nyumbani. Mimi nakaa upande ambao upepo unanijia usoni kutoka kwenye pipa la mahindi ya kuwavutia, hata kama mti mzuri wa dungu uko upande mwingine. Mahindi makavu yanatosha, lakini yaliyolowekwa kwenye ndoo hadi yakachacha wanayafuata kutoka mbali, na paa hawayapendi sana.

Kundi likifika, wa kwanza kutokea mara nyingi ni vitoto na majike. Wanakuja wanakimbia, wanasukumana, ni kelele tupu. Mikono inakutetemeka na unataka kupiga wa kwanza. Tulia. Baada ya dakika kadhaa wanapangana, kila mmoja anapata sehemu yake, na ndipo anapojitokeza yule aliyesimama peke yake kwa pembe unayoitaka. Dume mkubwa anaweza kubaki kwenye kiza cha vichaka mpaka wengine washibe. Kama shida yako ni nyama, achana naye. Nyama yake ina harufu kali. Jike mdogo ndiye mtamu.

Mdau Wichita

Mkuu, naheshimu uzi wako ila lazima niseme. Huku Kansas uwindaji wa nguruwe mwitu kwa burudani ulipigwa marufuku mwaka 2006. Missouri nao 2016 wakaufunga kwenye maeneo ya idara yao ya uhifadhi. Sababu ni kwamba mwindaji anaua mmoja, kundi zima linatawanyika, linahamia shamba la jirani na linakuwa gumu kunaswa. Tena wako watu waliokuwa wanaachia nguruwe makusudi ili wapate cha kuwinda. Kwa hiyo ukiwaambia vijana wanasaidia wakulima, si kweli.

Mwindaji wa Brazos

Hoja yako ni nzito, mkuu, na kwa sehemu kubwa nakubaliana nayo. Watafiti wa Texas wanakadiria kwamba inabidi kuondoa karibu theluthi mbili ya nguruwe kila mwaka ili idadi ibaki ilipo tu, isiongezeke. Krosibo haiwezi kufika hapo hata siku moja. Uzio mkubwa wa mtego unaonasa kundi zima kwa mpigo ndio dawa, na mwenye ranchi akiwa anawazoesha kula ndani ya mtego, wewe usikanyage hapo na krosibo yako. Ukipiga mmoja umemharibia kazi ya wiki nzima. Vijana, muulizeni mwenyewe kabla: una mtego unaoendelea? Akisema ndiyo, subirini.

Nafasi ya krosibo naiona kwa wale waliobaki baada ya mtego, wajanja wasioingia tena, na kwenye mashamba madogo yaliyozungukwa na nyumba ambako risasi ni hatari. Na nyama kwa familia. Sidai zaidi ya hapo.

Kijana wa Katy

Na suala la viza mkuu? Mimi ni mwanafunzi. Niliambiwa siruhusiwi bunduki.

Mwindaji wa Brazos

Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda kumiliki au kushika bunduki, isipokuwa katika hali chache, mojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Krosibo haihesabiwi kuwa silaha ya moto katika sheria hiyo. Ndiyo maana wanafunzi wengi wanaanzia hapo. Hata hivyo soma masharti ya jimbo ulilopo, na pale chuoni usiilete bwenini. Vyuo vina kanuni zao na ukikamatwa nayo viza ndiyo itakayoumia.

Mama Nuru

Mimi mwanangu yuko huko, anataka kwenda peke yake usiku. Naomba mniambie ukweli, nguruwe hao hawaui watu?

Mwindaji wa Brazos

Shikamoo mama. Ni nadra sana, ila imetokea. Novemba 2019, karibu na mji wa Anahuac hapahapa Texas, mwanamke alishambuliwa na kufa akiwa anakwenda kazini kabla hakujakucha. Nguruwe aliyejeruhiwa, au jike mwenye watoto aliyebanwa, anaweza kumrudia mtu, na meno yake yanapasua mapaja.

Lakini kwa mwindaji, hatari kubwa zaidi ni kuanguka kutoka kwenye dungu. Mwambie afunge mkanda wa mwili tangu miguu inapoacha ardhi mpaka inapoigusa tena. Krosibo asipande nayo mkononi. Aivute juu kwa kamba akishakaa, ikiwa haina mshale. Kwenda peke yake asiende kwa sasa. Awe na mwenzake, aache ramani ya mahali alipo kwa mtu, na avae buti ndefu, nyoka wapo.

Daktari wa Mifugo

Niongezee upande wangu. Nguruwe hawa wanabeba bruselosi ya nguruwe, na mtu huipata kwa damu kuingia kwenye mchubuko au machoni wakati wa kuchuna. Glovu na miwani ni lazima. Homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo, hata wiki kadhaa baadaye: nenda hospitali na umwambie daktari waziwazi kwamba ulichuna nguruwe mwitu, la sivyo hatakuwazia ugonjwa huo. Kugandisha nyama hakuui vijidudu hivyo, wala minyoo ya trikinela si ya kuiamini friza. Pika mpaka ndani ifike nyuzi 71 za Selsiasi. Mbwa wasipewe nyama mbichi. Kuna virusi vya nguruwe ambavyo kwa mbwa ni kifo.

Na kwa wafugaji wa kitimoto huku nyumbani: homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, na ngiri na nguruwe pori wetu wanaibeba bila kuugua, papasi wakiisambaza. Zizi likae mbali na wanyama hao, na nyama ya porini isiingie shambani kwako.

Mwindaji wa Brazos

Asante sana Daktari. Vijana, hilo la glovu msilichukulie poa. Na joto la huku nyama inaharibika haraka. Toa matumbo mapema, chuna, weka kwenye kasha la barafu na uache tundu la maji wazi ili isiogelee.

Kijana wa Katy

La mwisho mkuu. Nimepiga, amekimbia, simwoni. Nafanya nini?

Mwindaji wa Brazos

Hufanyi kitu. Unabaki ulipo na unakumbuka alisimama wapi na alipotelea kichaka gani. Noki yenye taa inasaidia sana hapa, unaona mshale ulipoingia na ulipoangukia. Baada ya nusu saa shuka uutafute mshale kwanza kabla ya kumtafuta nguruwe.

Damu nyekundu hafifu yenye povu ni mapafu, hajafika mbali. Damu nyeusi nzito ni ini. Mpe saa kadhaa. Mshale ukinuka na una majimaji ya kijani, umepiga utumbo. Ondoka kimya kabisa, usubiri saa nyingi, maana ukimfuata sasa atanyanyuka na kwenda mahali ambapo hutampata. Tarajia damu kidogo ardhini hata kwa pigo zuri, mafuta yake yanaziba tundu na manyoya yananyonya. Tazama kwenye majani kwa kimo cha ubavu wake, na ufuate nyayo za kwato zilizochimba kwa kukimbia. Kila unapoona tone weka kipande cha karatasi nyeupe, ukipotea unageuka nyuma na kuona mstari aliokuwa anaufuata.

Kwenye kichaka kinene usiingie kwa magoti usiku. Mpigie mwenye ranchi umwambie ukweli kwamba umejeruhi. Wengi wanamjua mtu mwenye mbwa wa kufuatilia. Asubuhi rudi, na utafute mpaka uwe na hakika.

Wiki hii fanya mazoezi ya yadi 20 na 30 tu, ukiwa umekaa kama utakavyokaa kule. Nitumie picha ya shabaha ukishapiga na chembe zako za kuwindia, nikuangalizie.